Buli Lenye Ua Jeupe

Mama, Jumanne hii mwaka umetimia tangu ulipotutoka, saa nne asubuhi, chai yako ikiwa mezani haijaguswa.

Ulichora ramani za viwanja kwa miaka thelathini na mmoja, na hukuwahi kukadiria kwa jicho pale ambapo rula ingefika. Hata mkate uliukata vipande vinavyolingana. Tulipokucheka ulisema, "Chekeni tu, lakini hapa hakuna aliyewahi kulia kwamba kapunjwa."

Ulipostaafu ulikwenda kwa fundi mihuri, yule wa kibanda kando ya posta, akufundishe kuchonga mbao za kuchapia picha. Ulitaka kuchapa picha za vyombo vyako vya wageni: buli la kahawia lenye ua la rangi ya chungwa ubavuni, vikombe sita vya mistari ya buluu, bakuli la sukari lenye kifuniko kilichounganishwa kwa gundi. Vilikaa kwenye kabati la vioo tangu harusi yenu, na hatukuruhusiwa kuvigusa. Baba alizoea kukuuliza, "Hao wageni wanakuja kwa miguu?"

Picha yako ya kwanza ilitoka na kishikio cha kikombe upande usio wake, kwa kuwa ulisahau kwamba ubao hugeuza picha. Fundi aliinyanyua kwenye mwanga.

"Mama, hiki cha mtu wa mashoto."

"Basi mtafute umuuzie," ukamjibu, ukaanza ubao mwingine.

Ubao wa buli ulikuwa wa tisa. Ulishamaliza mdomo, kifuniko na kishikio, likabaki ua. Ndipo kiharusi kikakuchukua ulimi na mkono wa kulia.

Kitindamimba wako alihamia chumbani kwako. Hakuwahi kushika patasi. Wiki ya tatu aliona macho yako hayabanduki kwenye ule ubao, akakuletea kitandani, akasubiri umwelekeze. Uliinua mkono wa kushoto, ukauweka juu ya ua.

"Nichonge hapa, Mama?"

Ulifumba macho, ukayafumbua. Akachonga.

Alichonga alasiri nzima, pole pole, mpaka ua lote likawa shimo. Kwenye kazi hii kilichochongwa hakichapi. Kinachobaki ndicho kinachoshika wino. Hilo alilijua. Aliamini unataka ua jeupe. Ulipoonyeshwa ulitoa sauti ambayo hakuna kati yetu aliyeielewa, na siku ya nne ukaondoka.

Tangu hapo anakwenda kwa fundi kila Jumamosi, ajifunze. Vikombe vyote sita ameshavichonga, viwili vya mashoto kama kile chako cha kwanza. Mwezi uliopita ndipo alipopata moyo wa kumpelekea ubao wa buli na kumsimulia ilivyokuwa. Fundi aliugeuzageuza.

"Aliweka kidole au kiganja?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Mkono ukimchoka nilikuwa namchongea mimi. Akiweka kidole, toa. Akiweka kiganja, acha. Maneno, alisema, yanapoteza muda."

Alirudi nyumbani akatuuliza mmoja mmoja. Baba, aliyekuwa kitini kando yako, anasema kilikuwa kiganja. Kifunguamimba, aliyekuwa mlangoni, anashikilia kwamba kilikuwa kidole. Yeye mwenyewe, aliyekuwa karibu kuliko wote, anakumbuka pete tu, ilivyokuwa imelegea.

Huo ndio ushahidi wote tulio nao, nao hautoshi. Tulijaribu kujaza shimo kwa gundi na unga wa mbao, halikushika wino. Juzi tulichapa nakala thelathini za ubao ulivyo. Buli limetoka safi, mistari yako imenyooka, na katikati kuna ua jeupe. Wageni waliokuja wamelisifu. Kitindamimba huinuka kila linaposifiwa, akaenda jikoni. Tumeshindwa kumwambia kwamba hakukosea, kwa sababu hatujui, na wewe ulitufundisha tusiseme tusilolijua.

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu, wakwe zako, wajukuu wanne, mdogo wako wa kike, majirani, uliofanya nao kazi katika chumba cha ramani, na fundi mihuri. Siku zote utakuwa nasi, Mama, pamoja na hilo moja tulilokosa kulielewa.