Poda ya Kujimwagia

Kalemie, Jumapili

Yaya Myriam, dada yangu mukubwa,

Salamu kwako na kwa watoto. Ziwa limechafuka kidogo, lakini ndagala bado wanavuliwa. Mwenye nyumba wangu amepaka mulango rangi ya kijani.

Jana walisoma matokeo. Nimepita. Sasa njo niko muntu wa enformatike ya jestion, ile uliyoiita, siku tuliyogombana, masomo ya kuangalia televizyo isiyo na picha. Uliuliza itanipa kazi gani. Yaya, kila depo ya mizigo hapa bandarini inataka muntu wa kupanga habari zake ndani ya kompyuta, ajue kilichoingia na kilichotoka. Wananiambia nirudi kesho. Nitarudi.

Unajua desturi yetu: jina likisomwa, ndugu wanamurukia mwanafunzi wao na poda mpaka anakuwa mweupe. Wenzangu wote walifunikwa. Mimi nilibaki na nguo safi. Kopo la poda nililonunua ili unimwagie kwa mikono yako, nikalifungua nyuma ya darasa, nikajimwagia kichwani.

Nikashuka bandarini hivyo hivyo, mweupe, kungoja mutumbwi wa kutoka kwenu Mpala, labda umo. Wamama wa soko wakanipigia vigelegele. Mumoja akauliza, "Ndugu zako wako wapi?"

"Wako njiani, njo wanafika," nikasema.

Papa Salomon, mwenye mutumbwi, alishusha abiria wote; wewe hukuwamo. Akanitazama kichwa, akasema ujumbe wangu wa kukuita uje kwa matokeo alikupatia mukononi.

Sijaosha nywele, Yaya. Poda imebaki nusu kopo. Njoo uimalize.

Mudogo wako,
Constance