Si Vumbi, Dada

Dada Felista,

Shikamoo. Huku baridi bado inauma, lakini nipo mzima, tumbo linanitangulia mlangoni kama kawaida. Goti lako linaendeleaje? Na kabichi za Mgeta, zimestahimili mvua?

Dada, nina jambo limenikaa kooni. Uliponipigia kwamba programu ya kuandikia nota za kwaya imegoma tangu uweke toleo jipya ulilolifuata mjini, Mafiga, na la zamani umeshalifuta, nilikujibu, "Labda vumbi." Ukaifuta kompyuta kwa khanga, ukaipuliza mpaka ukakohoa. Si vumbi. Ni mimi.

Programu ile tunaitengeneza watu wa kujitolea, kila mmoja yuko kwake, bila malipo. Kwenye kikao cha mtandaoni kiongozi wetu, Ingrid, aliuliza: "Tuache kuhudumia kompyuta zenye mfumo ule wa zamani? Kuna anayemjua mtu anayeutumia bado?"

Mimi namjua. Kompyuta yake niliipakata mwenyewe kwenye ndege, naye kaifunika kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Nikanyamaza. Mwenzetu mmoja akatania, "Hao tuwapeleke makumbusho," nikacheka kuwashinda wote, kisha nikanyoosha mkono kwamba tuache. Niliona haya wajue mtu huyo ni wa kwetu, tumenyonya ziwa moja.

Juzi ukanitumia sauti za mazoezi ya kwaya. Nikakusikia: "Besi, sogeeni ubaoni, nota za kuchapa hakuna, chaki ndiyo tuliyo nayo!" Mzee mmoja akajibu, "Mwalimu, hata nikisogea, miwani ni ile ile." Mkacheka wote. Mimi nilishindwa.

Nikamwandikia Ingrid kila kitu. Akanipigia.

"Mbona hukusema?"

"Niliona haya."

"Haya ya dada yako?"

Akasema watauhudumia tena mfumo ule, ila wanahitaji mtu mwenye kompyuta ya aina hiyo awajaribie kila toleo kabla halijatoka. Nimewatajia jina lako, na Mgeta nikawaonyesha kwenye ramani. Kama hasira bado ipo, wakatalie tu, sitanung'unika.

Mama mdogo mpe shikamoo yangu, shemeji msalimie, na yule mzee wa besi mwambie miwani nitamtafutia. Kompyuta usiipulize tena.

Mdogo wako,
vumbi lenyewe,
Anselmi