Mama Rufaa, Tuzo Yako Walipewa Waliokuzima

Mwaka mzima umetimia leo, Mama, tangu asubuhi ile uliposema kichwa kinakugonga, unajilaza kidogo, Baba akuamshe chai ikiwa tayari. Chai ikawa tayari. Wewe hukuamka.

Daktari aliandika shinikizo la damu. Hatubishani naye. Lakini sisi tulioishi na wewe tunajua shinikizo hilo lilitoka wapi, na leo hatutalipaka sukari.

Miaka ishirini na sita ulikuwa karani wa masjala ya mahakama, katikati ya makabati ya chuma na mafaili yaliyofungwa kwa kamba. Ulikuwa ukitusimulia habari za mjane mmoja aliyerudishwa mara tatu akiambiwa faili lake halionekani, na kumbe faili liko mezani, limewekewa kikombe juu. Ulikiondoa kikombe, ukampa mjane kiti, ukamsomea hukumu neno kwa neno. Alikuwa ameshinda kesi tangu mwaka uliotangulia, na hakuna aliyemwambia. Siku hiyo ulirudi nyumbani hukula.

Ulipostaafu ukaanza kuandika michezo ya redio. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, dakika ishirini, kesi moja: mpangaji, mjane, mtu aliyekamatwa bila kuambiwa kosa. Ulituchezesha sote jikoni kabla ya kwenda kuiigiza mwenyewe kituoni. Baba, fundi viatu asiyependa kusema mbele za watu, ulimpa uhakimu kwa sababu ya kikohozi chake. Ulidai hakimu asiyekohoa kabla ya hukumu haaminiki. Kitindamimba wako alikuwa askari, akinung'unika kwamba kila wiki mkorofi ni yeye.

"Ongea kama mtu anayenunua nyanya," ulitukemea tulipoanza kujitia uwakili. "Nisipoelewa mimi, nani ataelewa?"

Na kila mchezo uliufunga kwa maneno yaleyale: kama hukuridhika, kata rufaa, na usilale siku zikapita. Wasikilizaji wakakubatiza Mama Rufaa. Ulijifanya hulipendi jina hilo, lakini tulikuona sokoni ukiitwa, ukishindwa kuficha meno.

Kisha ukaandika "Mlango". Mwenye nyumba anataka wapangaji wahame, hana amri ya mahakama, basi anatuma mafundi wang'oe milango. Mwenye nyumba mmoja mkubwa wa hapa mjini, swahiba wa kituo, akajitambua. Wakili wake akaandika kwamba unatoa ushauri wa sheria bila leseni. Meneja wa kituo akakuita, na hata kiti hakukupa. Alisema nawe koridoni, watu wakipita.

"Mama, sheria ina wenyewe," alikuambia. "Nenda kapumzike, ulee wajukuu."

Ukamjibu, "Sheria inayoweza kunikamata mimi, na mimi pia ni mwenyewe."

Akakuachia barua mkononi, akaingia ofisini. Ulifika nyumbani ukavua viatu, ukasema neno moja tu: "Wamenizima." Miezi saba baadaye tukakuzika. Kituo hakikutuma hata mtu wa kuja kusimama nyuma.

Hayo labda tungeyameza. Yaliyofuata hayamezeki.

Mwezi wa nne baada ya mazishi, chama cha mawakili kilitangaza tuzo zake kwa vipindi, magazeti na sanaa zinazowasaidia wananchi kuielewa sheria. Kituo kikapeleka michezo yako. Sisi hatukuarifiwa. Binti yako mkubwa, muuguzi, alisikia tangazo redioni akiwa anamfunga mgonjwa kidonda. Akabadilishana zamu, akamchukua Baba, wakaenda kwenye sherehe ya tuzo. Mlangoni wakaambiwa majina yao hayapo. Mkalimani mzee wa mahakama, aliyefanya kazi nawe miaka mingi, ndiye aliyewaona. "Hawa wako na mimi," akasema, na wakaingia.

Walikaa nyuma kabisa. Vipaza sauti vikafunguliwa, ukumbi ukajaa sauti yako, Mama. Walichagua "Mlango", mchezo uleule uliokufukuzisha. Mawakili wakacheka palepale ulipotaka watu wacheke. Baba alikuwa hajaisikia sauti yako tangu ufe. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, hakukiachia.

Meneja akapanda jukwaani, akapokea tuzo ya kioo. Akawashukuru wafanyakazi, mafundi mitambo, wafadhili, na "ubunifu wa kituo chetu". Jina lako halikumtoka.

Binti yako akasimama. "Samahanini. Sauti hiyo ni ya mama yangu, na mchezo ni wake. Huyu aliyeshika tuzo alimfukuza kwa sababu ya mchezo huohuo."

"Dada, maswali ni mwishoni," mshereheshaji akasema.

"Hili si swali."

Jaji mstaafu aliyeongoza kamati ya tuzo akamgeukia meneja. "Ni kweli?"

"Aliondoka kwa hiari yake, Mheshimiwa. Alikuwa amechoka."

Hapo Baba akainuka. Akatembea urefu wote wa ukumbi, akatoa ile barua mfukoni mwa koti, akamkabidhi jaji. Jaji akavaa miwani, akaisoma mpaka chini, akaikunja.

"Tutalishughulikia," akasema.

Kisha wakapiga picha. Walipiga picha, Mama, kioo mikononi mwa mtu yuleyule, na baba yetu bado amesimama pale mbele.

Wiki tatu baadaye tuliletewa taarifa kwamba jina lako "litaongezwa" kwenye tuzo, chini ya jina la kituo. Tulijibu kwamba hatulitaki kwenye kioo kinachokaa ofisini kwake. Tunachotaka ni kituo kiombe radhi hewani, Jumamosi saa nne, na michezo yako irudi. Meneja hajajibu. Chama, kinachotoa tuzo kwa wanaoieleza sheria kwa lugha rahisi, kilituandikia kurasa mbili ambazo nyumba nzima hatukuzielewa.

Tukaacha kungoja. Kitindamimba wako, Baba na mkalimani wameanza kuucheza "Mlango" uani kwa watu, mtaa hadi mtaa. Mwezi uliopita mafundi walifika kwenye nyumba za mwenye nyumba yuleyule na bisibisi zao. Mshona nguo mmoja akasimama mbele yao.

"Amri ya mahakama iko wapi?"

"Nani kakufundisha hayo?"

"Mama Rufaa."

"Si alikufa yule?"

"Ndiyo, alikufa. Amri iko wapi?"

Wakaondoka. Sasa mwenye nyumba amekwenda mahakamani kama anavyotakiwa, na wapangaji wanasikilizwa.

Tunaambiwa tusamehe ili upumzike vizuri. Hatujafika huko, Mama, na hatutajifanya tumefika mbele yako, wewe uliyeutambua uongo hata kwa namna mtu alivyobisha hodi.

Unakumbukwa na mumeo, fundi viatu, binti yako muuguzi, mwanao wa kati, dereva, na mkewe, mke mwenzio wa utani, kitindamimba wako, dada yako wa pekee, wajukuu wanne, shemeji zako wote, na mkalimani, ambaye sasa tunamwita mjomba.

Umo vinywani mwetu kila siku ya Mungu, na humo hutatoka.