Sauti ya Bata Mzinga

Grimsby, Jumamosi

Dada Noreen,

Huku ni mvua tu. Paka uliyeniachia ulipohamia Australia bado yupo, mvivu kama mimi.

Jana nilikwenda kununua samaki na chipsi. Nilipoagiza tu, muuzaji, baba mzima mwenye upara, aliacha kukaanga.

"Mzee, sauti hiyo! Si wewe ndiye yule bata mzinga wa kwenye katuni? Hebu tugombeze kidogo!"

Nikanguruma: "Futeni miguu, wakorofi nyie!" Foleni nzima ikacheka.

Najua ile ni sauti ya Baba, na hujanisamehe kwa kuitumia kuchekesha watu. Lakini miaka kumi na tisa, kila asubuhi studioni, nilikula tufaha la kijani kulainisha koo, nikafumba macho, na Baba akaingia na buti zake chafu za bandarini, yeye aliyetugombeza tufute miguu na mwenyewe hakuwahi kufuta yake. Sikuwa namdhihaki, Dada. Nilikuwa namwita.

Alhamisi napasuliwa koo. Daktari amesema uvimbe ukitoka, sauti nayo inakwenda.

Jumatano jioni nitakupigia simu. Najua huwa hupokei zangu. Hiyo moja pokea, uambiwe ufute miguu. Barua nitaweza kukuandikia siku zote.

Mdogo wako,
Clive