Pumzi ya Kupandia Nyumbani

Jumatano, 3 Juni

Mazoezi asubuhi, mara kumi. Vuta kwa pua, puliza kwa mdomo. Kizunguzungu tena. Nimeshika ukuta mpaka kikatulia.

Neema, binti wa mazoezi tiba hospitalini, alisema nipulize kama napuliza moto. Hilo sihitaji kufundishwa. Miaka ishirini na saba nimepika shule ya bweni, kuni mbichi kila masika. Moto nimeupuliza mimi. Na ndio ulionila mapafu, daktari kasema, bila hata sigara moja. Inaniudhi kuliko kikohozi chenyewe.

Neema amenipa karatasi ya kujaza mazoezi. Naijaza vizuri. Daftari hili ni langu.

Jumamosi, 6 Juni

Efrem kapiga simu kutoka Arusha. Mwanangu wa pekee, na amri zake kama askari. Atakuja tarehe ishirini. Nipande mlima kwa miguu kutoka dukani kwa Mama Shufaa, pale barabara ya Dodoma, hadi mlangoni kwangu bila kushikwa na mtu. Nikishindwa, nafungasha, nahamia kwake. Nimejibu sawa. Hasira ndiyo ilijibu, si mimi.

Nyumba hii tulijenga na marehemu baba yake, kila tofali nalijua. Arusha nitakaa chumbani nikitazama televisheni ya watu. Sitaki.

Nimejaribu leo. Nimeishia kwenye bomba la maji, si hata nusu. Nikakaa chini, katikati ya njia. Mama Shufaa akaacha wateja wake, akaja kunishika mkono. Kwa upole kabisa. Nilitamani kumsukuma.

Jumatatu, 8 Juni

Nimeongeza. Mara ishirini, kwa nguvu zote. Kifua kinapiga filimbi. Naogopa. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 9 Juni

Hospitali. Neema kanitembeza koridoni dakika sita, kifaa cha kupima hewa kidoleni. Nimetembea kidogo kuliko mwezi uliopita. Kaangalia karatasi, kaniangalia mimi. Haelewi. Akaniambia nimwonyeshe ninavyopuliza.

Nikavimbisha mashavu, nikapuliza kama nina mafiga mbele yangu na kuni zimenyeshewa.

Binti kashika kichwa. Kumbe moto wake ni wa mshumaa. Niutikise tu, usizimike. Mimi wiki tatu nawasha jiko la wanafunzi mia nne. Ukilazimisha, anasema, vijia vya hewa vinajifunga na hewa ya zamani inabaki ndani. Ndiyo maana nabanwa.

Akaniomba radhi. Nikacheka mpaka nikakohoa. Tukaanza upya. Poza uji wa mtoto, Mama Efrem, usiumwage. Vuta hesabu mbili, toa hesabu nne. Ukichoka simama, kusimama ni sehemu ya zoezi.

Wiki tatu bure. Najichukia. Zimebaki siku kumi na moja.

Jumatano, 10 Juni

Mama Lusia amefariki. Kifua, kama changu. Tulipika pamoja miaka ishirini, yeye maharage, mimi ugali. Alikohoa hivi hivi, tukamcheka kwamba anaogopa kukoroga.

Mazishi kesho. Wametuma mtu: wanawake wananisubiri nisimamie masufuria. Hakuna aliyeuliza kama naweza. Neema alikataza moshi, hata wa jirani. Nitakwenda. Nitakaa mbali, nitaelekeza kwa mkono.

Alhamisi, 11 Juni

Sikukaa mbali. Wali ulianza kushika chini, nikasikia harufu, miguu ikaenda yenyewe. Nikainama kutoa kuni mbili. Upepo ukageuka. Moshi wote usoni.

Pumzi ikakata. Nikapuliza kwa nguvu, mtindo wa zamani, ikazidi kubana. Wanawake wamenizunguka, mmoja ananipepea na mfuniko wa sufuria, hewa yote wameimaliza wao. Nikajua nakufa. Nikajua na watu watasema nini: wapishi wawili, msiba mmoja.

Kisha nikakumbuka uji. Nikaketi juu ya ndoo, viwiko magotini. Mbili ndani. Nne nje. Mama Shufaa kaitoa dawa yangu ya kuvuta kwenye mkoba, akanishikia. Mbili. Nne. Niliporudi kusikia, walikuwa wanaimba makaburini.

Sikumzika Mama Lusia. Nilikuwa hatua mia kutoka kaburini na sikumzika.

Ijumaa, 12 Juni

Mama Shufaa amempigia Efrem simu. Kaja kukiri mwenyewe, na maandazi mkononi. Efrem anafika kesho. Si tarehe ishirini. Kesho.

Nimemwambia atoke. Akasema midomo yangu jana ilikuwa rangi ya zambarau na hilo yeye hawezi kulinyamazia. Hakutoka. Kaniosha vyombo, kafagia, kaondoka bila kuaga.

Miguu inatetemeka hata kwenda chooni. Nimetoa begi uvunguni. Nimelirudisha.

Jumamosi, 13 Juni

Nilishuka mapema, nikamsubiri Efrem dukani kwenye benchi. Kushuka si kazi. Mama Shufaa kaniletea chai. Nimeinywa.

Efrem kafika saa nne. Hata hakukaa. Anasema hakuna haja ya kupanda, niingie kwenye gari, nguo zitafuata. Nikamwambia sharti lilikuwa lake, alitimize.

Nikaanza. Vuta umesimama, toa ukipanda. Yeye nyuma yangu, namsikia anavyojizuia.

Nilichosahau ni salamu. Jumamosi, njia imejaa watu, na nusu yao walikula ugali wangu. Shikamoo mama. Shikamoo mpishi. Kutoitikia siwezi, na pumzi ya kuitikia huku napanda sina. Basi kila shikamoo nasimama. Natoa pumzi mpaka mwisho, navuta, ndipo nasema marahaba. Kwenye bomba. Kwenye geti jekundu. Kwenye kona ya mahindi nilibanwa vibaya na hakukuwa na mtu wa kunisalimia. Nikasimama hivyo hivyo, bila kisingizio. Efrem akanyoosha mkono. Nikainua kidole. Akauingiza mfukoni.

Nimesimama mara saba. Mlango nimeushika mwenyewe.

Efrem akasema, Mama, umesimama mara saba. Nikamwambia, ulisema bila kushikwa, hukusema bila kusimama. Akakaa kizingitini, akaficha uso. Kumbe analia. Miaka yote nilidhani ananiamrisha, kumbe anaogopa.

Naye akatoa lake: kuni basi, gesi tu, na mafiga yanatoka leo. Nikakubali. Kayabeba nje, moja moja. Nimelia. Sikujua mtu anaweza kulilia mawe.

Jumapili, 14 Juni

Uji kwenye gesi. Umechelewa kuiva, au mimi ndiye sina subira. Efrem kanywa vikombe viwili, kaondoka peke yake. Mama Shufaa kapita, nikamwambia asante kwa simu. Haikuwa rahisi kusema.

Mchana nikachukua bajaji mpaka makaburini. Udongo wa Mama Lusia bado mbichi, maua yameanza kusinyaa. Nikamwomba radhi kwa siku ile ya mazishi. Nikamwambia na wali uliungua.

Kisha nikakaa pembeni yake nikafanya mazoezi yangu. Mara kumi. Mbili ndani, nne nje. Yeye hakupata wa kumfundisha.

Nimerudi polepole, nikiitikia shikamoo.