Pedali Mbili, Mguu Mmoja

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaharibu harusi ya watu.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, na mwisho wa juma ni mpiga ngoma wa bendi ya watu sita, yaani mguu wangu wa kulia haujui likizo, ukitoka kwenye cherehani unaingia kwenye ngoma kubwa ya chini, ile inayopigwa kwa kukanyaga pedali, unakanyaga, mkanda unavutika, kirungu kinaruka, ngoma inasema du, na kisa changu chote kiko hapo kwenye pedali.

Pedali niliyoanza nayo ni ya baba mkwe. Yeye ndiye aliyepiga ngoma kwenye bendi hii kabla yangu, na goti lilipomkataa akanikabidhi pedali kwanza, binti yake baadaye, na mpaka leo sijui kipi kilimuuma zaidi kukitoa. Ni ya chuma chembamba, ina mkanda wa ngozi na kirungu cha sufu, ni ngumu, na kila ukiikanyaga inalia kwii kabla ngoma haijasema du. Mzee husema ya kale ni dhahabu, na mke wangu humjibu, "Baba, dhahabu gani inayolia kama panya?"

Sasa mwaka huu mkanda ukakatika katikati ya wimbo, kwenye mahafali ya chuo cha ualimu, nikabaki nakanyaga hewa mbele ya ukumbi mzima, na mke wangu alikuwepo, akaona haya kuliko mimi. Niliuunga kwa uzi wa kushonea jinzi, lakini yeye hakusahau, na siku tulipotimiza miaka tisa ya ndoa akaniletea boksi zito, ndani kuna pedali mpya, minyororo miwili, kanyagio pana, springi unaikaza kwa vidole tu, ukiigusa imeshapiga, na haitoi mlio hata kidogo. Nilimkumbatia mpaka boksi likaanguka. Akasema, "Ila baba umwambie mwenyewe." Nikasema nitamwambia. Baada ya wiki akauliza, nami nikajibu nimeshamwambia na amefurahi sana.

Mshauri, sikumwambia. Nilifika mpaka mlangoni kwake, akanikaribisha, akauliza, "Mtoto wangu hajambo?" nikadhani anamuulizia mjukuu, kumbe anaulizia pedali. Nikajibu hajambo, nikaaga. Tangu hapo mke akija kutusikiliza nafunga mpya, mzee akija nafunga ya zamani, na siku ambayo sijui nani anakuja nabeba zote mbili.

Balaa likazidi kwa mpiga gitaa la besi, mzee tunayemwita Babu Besi, aliyepiga bega kwa bega na baba mkwe miaka thelathini. Kila nikifunga mpya anachelewa kuingia, bendi nzima inayumba, na mke wangu ananiuliza mbona mnapotezana. Nikafikiri Babu ananifanyia makusudi. Nikasema basi, nitaifanya ya zamani nayo iwe kimya, ili asijue ipi ni ipi, nikachukua chupa ya mafuta ya cherehani nikaipaka kila kiungo. Mazoezini tukaanza, Babu akapotea palepale, akasimamisha gitaa.

"Nani kaiua pedali?" akauliza.

"Haijafa, Babu, nimeilainisha tu."

"Sasa mimi nitaingilia wapi? Miaka thelathini nasikia kwii, naweka kidole!"

Ikabidi niirudishe nyumbani niioshe kwa mafuta ya taa mpaka ikaanza kulia tena.

Maji yamenifika shingoni. Jumamosi ya wiki ijayo mdogo wake mke wangu, kitinda mimba wa nyumba ile, anaolewa, bendi ni sisi, na mke wangu na baba yake watakaa meza moja, ya mbele. Nikifunga ya zamani, mke ataona nimeidharau zawadi yake na atajua nilimdanganya. Nikifunga mpya, mzee ataona nimemtupa, na Babu atachelewa, na bibi harusi ataingia ukumbini akichechemea. Kusema kweli kuna siku nilipiga mpya peke yangu saa nzima, goti halikuuma, nikajikuta nacheka mwenyewe, lakini hilo si la muhimu. Nifunge ipi?

Fundi wa Pedali Mbili

JIBU

Marahaba, mwanangu fundi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka, ya pili nikakasirika. Ngoma mimi siijui, na cherehani ukinipa nitashona kidole, lakini waongo nawajua. Mtu mzima, miaka tisa ndani ya ndoa, unabadilisha pedali kwa kuchungulia nani kakaa mbele! Mshika mbili moja humponyoka, na wewe usipoangalia zitakuponyoka zote, pamoja na aliyekununulia.

Tuanze na hilo ulilosema si la muhimu. Saa nzima, goti kimya, unacheka peke yako. Unaipenda mpya, baba, na unaona haya kuipenda. Pole, hayo ni malezi mema na sikucheki. Lakini mkwe wako aliacha ngoma kwa sababu gani? Si goti? Na pedali ngumu ni ipi? Unadhani atafurahi na lako likikukataa?

Leo ukifika nyumbani, kabla hujavua viatu, mwambie mkeo kwamba baba yake hajui lolote. Atanuna. Mwache anune, ni haki yake, na usimletee zawadi ya kumfunga mdomo. Kesho nenda kwa mzee na pedali zote mbili kwenye mfuko mmoja. Mpe hiyo mpya aikanyage mwenyewe, kisha unyamaze asikilize mguu wake. Mficha uchi hazai.

Babu Besi humtendei haki. Miaka thelathini alikuwa akiitwa kwa kwii, sasa unataka aje bila kuitwa. Una siku kumi. Kaeni mkitazamana, mhesabie kwa mdomo, mtikisie kichwa kila wimbo unapoanza, mpaka aingie bila kufikiri. Kuita wenzako ni kazi yako wewe, usiiachie kutu.

Harusini ufunge mpya. Ila kabla ya hapo kata ngozi nzuri uishonee ile ya zamani mkanda wa maana. Fundi mzima, unaunga kwa uzi wa jinzi, huoni aibu? Wimbo wa kwanza, wa kumwingiza bibi harusi, umwombe mzee apige yeye, kwa pedali yake. Wimbo mmoja goti litamvumilia. Akimaliza aifungue kwa mkono wake, nawe ufunge ya mkeo huku anakuona.

Na ile chupa ya mafuta ibaki kwenye cherehani. Mzee anamtoa binti yake wa mwisho, na wanaume wa aina yake hawalii mbele za watu. Iache pedali ilie.