Kijana Aliyetuonyesha Maji

Alief, Houston, Texas
Jumapili, baada ya mvua

Dada yangu Bosibori, Mama Kerubo,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote, pamoja na yule ng'ombe mweupe, kama bado anakataa kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa wewe. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya Julai? Mimi ni mzima. Mgongo uliniuma kidogo, lakini daktari alipoupiga picha alisema hajawahi kuona mgongo imara kama huu kwa dereva wa lori, akawaita wenzake waje kuutazama. Mama Gesare yuko zamu hospitalini, anakusalimu sana. Gesare naye amewasalimu kwa Kiingereza, unajua watoto wa huku, kwa hiyo nimewatafsiria.

Barua hii anakuletea nesi mmoja wa kanisani kwetu anayekuja likizo. Ningepiga simu, lakini Baba Kerubo alisema wazee wanataka taarifa iliyoandikwa, isomwe mbele yao. Basi isome pole pole. Ila ukurasa wa mwisho uutoe kabla hujaingia mkutanoni. Utaona kwa nini.

Dada, mmenipa heshima kubwa kunichagua kuwa esigani wa Kerubo. Kazi hiyo naijua. Esigani anakwenda kwa ukoo wa kijana kimya kimya, anapeleleza ni watu wa namna gani, wana ardhi gani, wanasikilizana na majirani au wanarogana, kisha anarudi kuwaambia wenye binti. Babu yetu alikuwa esigani hodari, alivuka mito kwa miguu kuchunguza bwana arusi. Lakini hata babu hakuwahi kupewa Uchina.

Shida niliielewa vizuri. Baba Kerubo alimwomba huyu Tan, Mchina anayemtaka Kerubo, aonyeshe kwao, naye akatoa simu akaonyesha ziwa. Akaulizwa nyumba iko wapi, akaweka kidole katikati ya maji. Wazee wakaguna. Baba Kerubo akasema mtu aliyezaliwa ndani ya maji ama ni samaki ama ni mwongo, na binti yake haolewi na yeyote kati ya hao wawili. Tangu siku hiyo Kerubo hali meza moja na baba yake, na wewe unapika vyungu viwili kama mwenye hoteli. Nikasema, hapana, hili nitalimaliza mimi. Nilishakuambia kwamba Houston hii Wachina wote wananijua, na sikutia chumvi sana.

Nilianza na duka la samaki hapa karibu. Mwenye duka ni rafiki yangu, kila nikiingia ananichagulia samaki mwenye macho meupe kabisa, wengine anawapa mabaki. Nikamuuliza kuhusu kaunti ya Shuangtan, anakotoka Tan. Nikamhoji muda mrefu, watu wamepanga foleni nyuma yangu, naye ananijibu kwa adabu. Mwishoni akaniambia kwa upole kwamba yeye ni Mvietnamu na Uchina hajawahi kukanyaga. Nikamwambia nilijua, nilikuwa namjaribu tu.

Kisha nikamwendea kinyozi mzee wa Kichina, na huyu alikuwa Mchina wa kweli, maana nilianza kwa kumuuliza. Akasema watu wa Shuangtan anawajua sana, ni majirani wa kijiji chake. Ni nchi tambarare, akasema, karibu na bahari, pamba tupu mpaka macho yachoke, huoni hata kichuguu. Nikafurahi, nikaandika. Nikafika nyumbani, Gesare akafungua ramani kwenye simu akasema Shuangtan iko mbali kabisa na bahari, ndani milimani, hata gari linapanda likihema. Nikarudi kwa kinyozi. Akaapa ni tambarare, amekula nao harusi. Nikarudi kwa Gesare. Akaapa ni milima. Kisha akatafuta ramani ya zamani, na mji ukawa kando ya mto, lakini katika ramani mpya mto hakuna, kuna ziwa, na mji umepanda mlimani. Dada, kichwa kilizunguka. Mimi ndiye niliyechora ramani ya dunia ubaoni darasa la sita mpaka mkaguzi akadhani imechapishwa, lakini hata mimi sijawahi kuona mji unaotembea.

Wiki hiyo nilikuwa na mzigo wa Dallas. Nikapita Garland kwa Macaire, yule Mrundi ninayekutajia, anayefanya kazi kwenye ghala la vioo. Siku hiyo mvua ya mawe ilikuwa inanyesha, kila jiwe kama kabichi, wenzangu wote walijificha chini ya madaraja, mimi nikaendesha tu nikiyakwepa. Nikamweleza Macaire habari yote. Akacheka mpaka akashika mbavu, akaniuliza, mzee Onyancha, unamtafutia mtoto mume au unatafuta ramani? Halafu akasema kuna mama mmoja wanafunga naye mizigo pale ghalani, anaitwa Bi Fang, na ni wa Shuangtan hasa. Akacheka tena. Kicheko hicho cha pili sikukielewa, nacho ni cha kukumbuka.

Tukaenda kwa Bi Fang. Ni mama wa rika lako, mfupi, uzio wake wote umefunikwa na mmea wa tango chungu. Alitupa chai na mbegu za alizeti za kutafuna, tukazungumza kwa Kiingereza, chake kimevunjika upande mmoja na changu upande mwingine, vikakutana katikati vikatosha.

Nikamuuliza ni tambarare au ni milima. Akasema ni milima iliyosimama wima, mkulima akianguka shambani kwake anaokotwa shamba la mtu mwingine. Mji wao ulikuwa pale mito miwili inapokutana, maji yakipiga kelele juu ya mawe, na wanaume walikuwa wakizivuta mashua kwa kamba wakiwa ukingoni, mabega yakitoka damu. Zamani za wafalme wao kulikuwa na visima vya maji ya chumvi, wanayachemsha, na chumvi hiyo ndiyo iliyojenga ukuta wa mji na malango yake. Machungwa ya kwao, akasema, yalipelekwa kwa mfalme na watu wanaokimbia bila kulala. Baba wa babu yake ndiye aliyekuwa akiyachagua. Na mtoni mwao kulitoka samaki mzito kuliko ng'ombe, akalisha mji mzima, na kwa mifupa yake wakajenga daraja.

Dada, hapo nilimtazama vizuri. Mimi ni fundi wa kazi hiyo, mwenzangu namjua.

Sikukubali kushindwa. Nilimweleza na kwetu. Akaniuliza ni kaunti gani, nikasema Kisii. Kisha nikakumbuka kwamba siku hizi ni Nyamira. Akaniuliza kama tulihama. Nikasema hatukuhama, tulizaliwa Wilaya ya Kisii, serikali ikachora mstari, sisi tumelala Kisii tukaamka Nyamira. Bi Fang alijipiga paja kwa kicheko. Kumbe kwao ni hivyo hivyo, Shuangtan iliwahi kumezwa na kaunti ya jirani, baadaye ikatapikwa, na mama yake alipata vyeti viwili vya kaunti mbili bila kutoka jikoni.

Akaendelea kuniuliza. Kwa binti kuna maji karibu? Kuna kilima? Baba yake anakunywa pombe? Mama anapiga kelele? Nikadhani ndiyo adabu ya Kichina, nikajibu kwa ukarimu.

Halafu akaniomba nimwonyeshe nyumba niliyozaliwa. Nikafungua simu. Unajua nilichonacho, Bosibori. Nina ile picha uliyonitumia barabara ilipokamilika, barabara hii hii iliyomleta Tan kwenu kupima ardhi. Nikaweka kidole katikati ya lami, nikasema hapa ndipo palipokuwa jiko la mama.

Bi Fang akaitazama lami. Akanitazama mimi. Akauliza kwa upole kama tunalala barabarani.

Nilianza kucheka, kicheko kikaishia njiani. Uso aliokuwa nao ni uso wa Baba Kerubo alipoonyeshwa ziwa. Nikamweleza kwamba serikali ilipanua barabara, jiko likaondoka, na ile mashine ilipofika ulikuwepo wewe, ukanisimulia kwenye simu kwamba asubuhi ile mama alikuwa ametoka kusiriba sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe, mbichi bado, akawaambia wale vijana wasikanyage.

Bi Fang akaweka kikombe chini. Akachukua simu yake, akanionyesha ziwa lile lile, akaweka kidole mahali pale pale alipoweka Tan.

Hapo hakuwa na samaki wala mfalme. Alisema tu. Serikali yao ilijenga bwawa huko chini, maji yakarudi nyuma, yakapanda. Watu walibomoa nyumba zao wenyewe, vigae na mbao wakabeba mgongoni mpaka juu, wakajenga mji mpya mweupe. Lango moja la mawe walilibomoa jiwe kwa jiwe, wakalisimamisha tena juu, halina ukuta, liko peke yake. Mifupa ya wazee waliichimbua wakaipandisha ndani ya mitungi. Na si wote walipata nafasi juu. Wengine walipakiwa na vyungu vyao wakapelekwa mbali, karibu na bahari, kwenye nchi tambarare ya pamba ambako watu hawasikii lugha yao, na wenyeji mpaka leo wanawaita watu wa Shuangtan. Kwa hiyo kinyozi wangu hakukosea, wala Gesare. Tan alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Bibi yake, asubuhi ya kuondoka, alifagia nyumba yote mpaka kizingiti, akamgombeza kila aliyeingia na matope, na nyumba ilikuwa ibomolewe mchana.

Basi taarifa yangu kwa wazee ni hii. Kijana hakudanganya. Alipoweka kidole majini alikuwa anaonyesha kwao. Nimekwenda, nimepeleleza, nimerudi. Wamwache Kerubo aolewe.

Hapa kata, Dada. Kinachofuata ni chako peke yako.

Nilipokuwa naaga, Bi Fang alinishika mkono akaniambia kwamba mama yake Tan ni binti wa mjomba wake. Nao huko walikuwa na wasiwasi, mtoto wao anaoa watu gani, wana ardhi gani, wanasikilizana na majirani? Wakamwandikia ndugu yao wa Amerika achunguze. Yeye akamuuliza Macaire kama kuna Mkisii anayemjua. Macaire alijua kila kitu kabla sijafungua mdomo, ndiyo sababu ya kile kicheko cha pili. Kwa hiyo mimi, esigani wenu, nilikaa kwenye kiti cha esigani wao nikimpa taarifa huku nikitafuna mbegu zake. Niliporudi kutoka msalani alikuwa ameshawatumia taarifa.

Na nilikuwa nimesema nini? Nilimwambia kile kilima cha kanisa la Sabato ni cha Baba Kerubo. Chote, mpaka kileleni. Aliponiambia habari ya yule samaki sikuweza kubaki nyuma, Dada, ungekuwepo ungenielewa. Nilisema pia majani ya chai yenu yanashuka kutoka kileleni mpaka mtoni bila kukatika, na kwamba Baba Kerubo ni mtu mpole, hajawahi kupaza sauti. Hilo la mwisho linanitia hofu kuliko kilima.

Wazazi wa Tan wanakuja Desemba kukiona. Wazo la kwanza lilikuwa kumpigia Bi Fang nikirudishe kilima. Nilimpigia. Kabla sijasema neno, alinieleza kwamba babake Tan ni mmoja wa wale waliopelekwa kwenye pamba. Tangu walipohamishwa hajalala juu ya kitu kirefu kuliko kitanda. Aliposikia kwamba mkwe wake ana kilima alitoka nje akatembea peke yake, akarudi akauliza kama ataruhusiwa kukipanda. Anasema anataka kupanda pamoja na Baba Kerubo, bila haraka, wakae juu.

Nikamwambia Bi Fang ataruhusiwa. Sasa sijui nimefanya jambo zuri au nimewaharibia. Sijui hata kama yale machungwa ya mfalme yalikuwepo. Nikilala, nawaona wale wavuta mashua wanapita juu ya lami yetu. Lakini la maji ni kweli, na la kilima nakuachia wewe.

Nenda kwa pasta, mwombe kilima kwa siku moja ya Desemba, isiwe Jumamosi. Baba Kerubo mwambie akae kimya, adai anaumwa koo. Mzee wa watu mpandisheni tu. Akifika juu, sidhani atauliza ni cha nani.

Mkumbatie Kerubo, mwambie arudi mezani. Magoti yapake mafuta niliyotuma, hayauzwi madukani, nimeyapata kwa kujuana tu. Mungu awalinde wote mlioko huko, na awalinde pia wale wanaokuja.

Ni mimi kaka yako, esigani wa Texas,
Onyancha